Taa Zinazojizima Zenyewe

Kihisi cha uwepo wa watu ni kifaa kidogo cha umeme kinachofungwa darini au ukutani ili kiwashe taa mtu anapoingia, na kuizima muda mfupi baada ya mahali hapo kubaki patupu. Mafundi umeme wengi wa Tanzania hukiita sensa. Hakifanyi taa itumie umeme kidogo inapowaka, kwa kuwa hilo hutegemea aina ya taa yenyewe. Kinachopunguza ni zile saa ambazo taa inawaka na hakuna mtu wa kuangaziwa.

Saa hizo ni nyingi kuliko wenye majengo wanavyodhani, na hasa katika majengo yanayotumiwa na watu wengi. Mwanjelwa, kitovu cha biashara cha Jiji la Mbeya, pamejaa majengo ya namna hiyo. Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kupitia Iringa na Makambako hupita hapo kuelekea Tunduma, mpakani mwa Zambia, na kandokando yake zimepangana gesti, hoteli, maduka ya jumla, benki, stoo za nafaka na ghorofa za kupangisha. Soko la zamani la Mwanjelwa liliungua Desemba 2006, na baadaye Jiji likajenga soko jipya la kisasa la ghorofa kwa mkopo wa benki. Tofauti ya masoko ya aina hizi mbili kwa upande wa mwanga ni kubwa. Soko la vibanda na mabati hupata jua bure tangu asubuhi hadi jioni. Soko la ghorofa lina ngazi, korido, stoo na vyoo vya ndani, na sehemu hizo huhitaji taa hata saa sita mchana. Gesti nazo ziko hivyo hivyo: korido katikati, vyumba huku na huku, dirisha moja mwishoni au hakuna kabisa.

Mwenye duka huzima taa zake bila kukumbushwa, kwa sababu uniti za LUKU zinanunuliwa kwa fedha zake. Taa ya korido haina mwenyewe. Mpangaji huiona inawaka mchana na kupita, akijua kwamba gharama yake ni ya mwenye jengo au itagawanywa kwa wote. Mlinzi hana sababu ya kuizima, na pengine ameagizwa asithubutu. Vihisi vinafaa zaidi katika sehemu hizi za pamoja ambazo hakuna anayejihesabu kuwa na dhamana nazo. Kwingineko faida yake ni ndogo, na mara nyingi hutiwa chumvi na wanaoviuza.

Aina inayopatikana kwa wingi madukani, na iliyo rahisi kuliko zote, ni kihisi cha joto la mwili, ambacho kwenye maboksi huandikwa kwa herufi PIR. Kila kitu chenye joto hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho, mionzi ambayo mwanasayansi William Herschel aliigundua nchini Uingereza mwaka 1800. Mwili wa binadamu hutoa mionzi hiyo kwa wingi zaidi katika urefu wa mawimbi wa mikromita 9 hadi 10. Ndani ya kihisi mna kipande cha madini maalumu ambacho hutoa chaji ndogo ya umeme joto linalokifikia linapobadilika. Kwa kawaida vipande huwa viwili, vikiwa vimeunganishwa kinyume. Jua likipasha chumba kizima joto, vipande vyote viwili hupata badiliko lile lile, chaji zao zinafutana, na taa haiwaki. Mtu akipita, kipande kimoja humwona kabla ya kingine, na tofauti hiyo ndiyo inayowasha taa.

Kile kifuniko cheupe chenye mistari kilicho mbele ya kihisi si pambo. Ni lenzi ya plastiki iliyobuniwa kwa kufuata kazi ya Mfaransa Augustin Fresnel, ambaye katika miaka ya 1820 alitengeneza lenzi nyembamba za minara ya kuongozea meli. Lenzi hiyo hugawa chumba katika vipande vilivyotandazwa kama upepeo, na kila mtu anapovuka kutoka kipande kimoja kwenda kingine, kihisi hupata ishara. Kwa sababu hiyo kihisi humtambua kwa urahisi mtu anayekatiza mbele yake, na humchelewa yule anayekijia moja kwa moja. Humpoteza kabisa mtu aliyetulia. Karani anayesoma faili bila kujitikisa, au mwanafunzi aliyeinamia karatasi ya mtihani, kwa kihisi hiki ni kama hayupo.

Kwa upande wa joto, Nyanda za Juu Kusini, ikiwamo Mbeya, zina bahati. Kihisi cha joto hufanya kazi vizuri pale ambapo mwili una joto kuliko vitu vinavyouzunguka. Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto lake linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Katika korido yenye baridi hiyo uso na mikono ya mtu huonekana wazi kwa kihisi. Kyela, katika mkoa huo huo lakini chini kabisa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mchana wa joto chumba hukaribia joto la ngozi, na kihisi kile kile huona umbali mfupi zaidi. Fundi aliyezoea kufunga Mbeya mjini akifunga Kyela au Dar es Salaam anapaswa kuviweka karibu karibu zaidi. Na baridi nayo ina kasoro yake: mtu aliyejifunika koti zito, kofia na skafu hadi puani huacha ngozi kidogo ya kuonekana.

Mionzi hiyo ya joto haipiti kwenye kioo cha kawaida. Kwa duka lililotazamana na barabara hilo ni jambo jema, kwa kuwa wapita njia wa nje hawawashi taa za ndani. Lakini pia haipiti kwenye ukuta, mlango wala mbao za kutenganisha vyoo. Kihisi kilichofungwa kwenye lango la vyoo vya soko hakimwoni aliyejifungia ndani, na baada ya dakika chache humwacha gizani. Malalamiko mengi kuhusu sensa huanzia hapo, na lawama hutupiwa kifaa wakati kosa ni la aliyekichagua.

Kwa mahali pa namna hiyo kuna kihisi cha mawimbi ya sauti. Hutoa sauti ya juu ambayo sikio la binadamu halisikii, kwa kawaida kati ya kilohezi 25 na 40, kisha hupokea mwangwi wake. Kitu kikisogea, mwangwi hurudi ukiwa umebadilika kidogo. Kanuni yake ilielezwa mwaka 1842 na Christian Doppler wa Austria, na ndiyo inayofanya honi ya lori kwenye barabara ya Tunduma isikike nyembamba likija na nzito likishapita. Sauti hugonga kuta na kuzunguka vizuizi, kwa hiyo kihisi hiki hutambua hata mkono unaosogea nyuma ya mlango wa choo. Udhaifu wake ni kwamba hakitofautishi mtu na pazia linalopeperushwa au feni inayozunguka.

Aina ya tatu hutumia mawimbi ya redio, mara nyingi ya gigahezi 5.8, na siku hizi hufichwa ndani ya taa yenyewe ya LED, ndiyo maana mnunuzi haoni jicho wala lenzi. Ni taa nadhifu na hutambua hata msogeo mdogo. Tatizo ni kwamba mawimbi yake hupenya kioo, jipsamu na mbao nyembamba. Ikifungwa kwenye duka la mbele Mwanjelwa, ambako bodaboda na watembea kwa miguu hawakatiki, taa inaweza kuwaka mchana kutwa kwa ajili ya watu walio nje. Hapo kihisi kimegeuka kuwa swichi ya bei ghali isiyozimika. Kwa ngazi za ndani zenye kuta nene za tofali, hata hivyo, aina hii inafaa sana.

Vipo pia vihisi vyenye njia mbili pamoja, joto na sauti. Vingi huwasha taa pale njia zote mbili zinapokubaliana kwamba kuna mtu, na kuiacha ikiwaka maadamu hata moja bado inamtambua. Ni ghali zaidi, lakini kwa darasa au ukumbi wa mikutano, ambako watu hukaa muda mrefu bila kutembea, ndivyo vinavyoepusha aibu ya mgeni rasmi kuzimiwa taa katikati ya hotuba.

Zaidi ya aina, kuna mambo mawili ya kuamua. La kwanza ni muda wa kusubiri, yaani dakika ambazo taa itaendelea kuwaka baada ya msogeo wa mwisho. Moduli ndogo ya PIR iitwayo HC-SR501, inayotumiwa sana na wanafunzi wa umeme na elektroniki katika majaribio yao, ina skrubu mbili za kuzungusha: moja ya muda, kuanzia sekunde chache hadi dakika kadhaa, na nyingine ya umbali, kuanzia mita 3 hadi 7 hivi. Vihisi vya majengo vina marekebisho hayo hayo kwa viwango vikubwa zaidi, kwa kawaida hadi dakika 30. Muda mfupi huokoa umeme zaidi na huudhi watu zaidi. Wakishaudhika, hubandika utepe wa gundi juu ya jicho la kihisi au humwita fundi akiondoe, na mradi mzima huishia hapo. Dakika 10 hadi 15 kwa ofisi na madarasa, na chache zaidi kwa korido na ngazi, ni kipimo ambacho watu wengi huvumilia.

La pili ni nani awashe. Kihisi kinaweza kuwasha na kuzima chenyewe, au kumwachia mtu kazi ya kuwasha kwa swichi na chenyewe kikabaki na kazi ya kuzima tu. Kwa ofisi yenye madirisha njia hii ya pili huokoa zaidi, kwa sababu rahisi: mtu akiingia saa nne asubuhi na jua limejaa chumbani, mara nyingi hagusi swichi. Kihisi kinachojiwashia kingewasha taa hata hivyo, labda kiwe kimeunganishwa na kipimo cha mwanga. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na urefu wa mchana wake hutofautiana kwa takriban saa moja tu kati ya Juni na Desemba. Ofisi yenye dirisha zuri ina saa nyingi za mwanga wa bure mwaka mzima, na kipimo cha mwanga hapo kinaweza kuwa na faida kuliko kihisi cha watu.

Ni kiasi gani hasa cha umeme kinachookolewa? Watafiti nchini Marekani walifuatilia vyumba vya majengo 60, wakarekodi wakati taa zilipowaka na wakati watu walipokuwepo, na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Vyooni, kihisi chenye muda wa kusubiri wa dakika 5 kingeokoa asilimia 60 ya umeme wa taa, na cha dakika 20 asilimia 47. Madarasani ilikuwa kati ya asilimia 52 na 58. Katika ofisi za mtu mmoja ilishuka hadi kati ya 28 na 38, na katika vyumba vya kunywea chai ikawa kati ya 17 na 29 tu, kwa kuwa vyumba hivyo haviishiwi watu. Mwaka 2012 wataalamu wa maabara ya taifa ya Lawrence Berkeley, California, walikusanya makadirio 240 kutoka katika ripoti 88, na wastani wa vihisi vya uwepo ukawa asilimia 24. Muuzaji hutaja ile 60. Mwenye jengo apangie bajeti kwa ile 24, kisha aongeze kulingana na wingi wa vyoo, ngazi na korido alizonazo.

Afrika Mashariki nayo ina jengo la mfano. Machi 2011 Rais Mwai Kibaki na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Ban Ki-moon, walifungua ofisi mpya za Umoja wa Mataifa huko Gigiri, Nairobi, zilizojengwa kwa watumishi wapatao 1,200. Paa lake lina mita za mraba 6,000 za paneli za sola, na lengo lilikuwa jengo lizalishe umeme linaoutumia kwa mwaka. Lengo kama hilo haliwezekani kwa paneli peke yake. Wabunifu walianza kwa kupunguza matumizi: nafasi za katikati zilizo wazi zinazoshusha jua hadi ghorofa za chini, taa zinazotumia umeme kidogo, na mfumo unaozirekebisha taa hizo zenyewe kulingana na mwanga na watu waliopo. Paneli zilikuja baada ya hesabu hiyo. Mpangilio huo unafaa kuigwa hata na mtu anayejenga gesti ya vyumba 20, ingawa Mwanjelwa wengi hufikiria sola kwanza na taa baadaye.

Kenya pia ilitunga kanuni za usimamizi wa nishati mwaka 2012. Jengo au kiwanda kinachotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka kinatakiwa kufanyiwa ukaguzi wa nishati angalau mara moja kila miaka mitatu. Mkaguzi akipita, taa za korido zinazowaka mchana ni kati ya mambo ya mwanzo anayoyaandika.

Kwa gesti ya Mwanjelwa, hesabu inaweza kufanywa kwenye kipande cha karatasi. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja wa kundi la T1, ambamo maduka, ofisi ndogo na nyumba nyingi za wageni huingia, hulipa shilingi 292 kwa uniti, na pamoja na kodi na tozo hufika karibu shilingi 356. Ichukuliwe korido yenye tyubulaiti 10 za zamani, kila moja ikila wati 45 pamoja na choki yake, zinazowaka saa 12 usiku kucha. Hizo ni uniti 5.4 kwa usiku, takriban shilingi 1,920, au karibu laki saba kwa mwaka. Zikibadilishwa kuwa za LED za wati 18, matumizi hushuka hadi uniti 2.16, yaani shilingi 769 kwa usiku na karibu 281,000 kwa mwaka. Mpaka hapo hakuna kihisi hata kimoja, na zaidi ya laki nne zimeshaokolewa.

Sasa vifungwe vihisi vinavyozizima taa hizo kwa asilimia 60 ya usiku, jambo linalowezekana katika korido ambayo baada ya saa sita watu hawapiti. Nyongeza ya akiba ni karibu shilingi 168,000 kwa mwaka. Si haba, lakini ni chini ya nusu ya ile iliyoletwa na LED. Anayefunga sensa huku ameacha tyubulaiti za zamani ameanzia mwisho. Tena tyubulaiti hazipendi kuwashwa na kuzimwa mara kwa mara, kwa kuwa kila kuwasha hula sehemu ya uhai wake. LED hazina shida hiyo.

Hesabu hiyo hiyo ikifanywa kwa taa moja hutoa jibu jingine. Taa ya LED ya wati 9 katika choo kimoja, ikiwaka saa 12 kwa siku, hutumia umeme wa shilingi 14,000 hivi kwa mwaka. Kihisi kikipunguza nusu, kimeokoa 7,000. Lakini nacho kinakula umeme mchana na usiku. Kikila nusu wati, gharama yake ni kama shilingi 1,600 kwa mwaka. Ikiwa kilinunuliwa kwa shilingi 20,000, itachukua karibu miaka minne kurudisha fedha, bila kuhesabu ujira wa fundi. Na kwa mteja mdogo wa nyumbani, anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi na kulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, haitarudi kabla kifaa hakijachakaa. Nyumba ya kawaida ya Mwanjelwa haihitaji kihisi ndani. Nje getini, kwa ajili ya usalama na urahisi wa kutafuta funguo gizani, ni jambo lingine, lakini hapo hakinunuliwi kwa ajili ya kuokoa umeme.

Kanuni inayotokana na tarakimu hizo ni kwamba kihisi kimoja kinapaswa kutawala taa nyingi, au taa kubwa. Stoo ya nafaka yenye taa nane za juu, ambayo hufunguliwa mara tatu kwa siku lori linapopakia, ni mahali pake. Darasa la chuo nalo linafaa. Vyuo vya ukanda huu, kama Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kilichoanza mwaka 1986 kama Chuo cha Ufundi, au Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kule Iringa, vina kumbi nyingi ambazo wanafunzi huingia na kutoka kwa saa, na mwanafunzi wa mwisho kutoka hajihesabu kuwa mwenye taa. Mabweni hayafai, kwani anayelala hatikisiki na anayegeuka kitandani hataki kuwashiwa. Hospitali inahitaji uangalifu zaidi. Korido za ofisi na stoo za dawa zinaweza kuwekewa vihisi, na korido za wodi usiku zinaweza kushushwa hadi mwanga hafifu kisha zikapanda muuguzi anapopita, lakini chumba cha upasuaji, leba na wagonjwa mahututi taa haziachiwi kifaa. Ngazi za dharura pia hazipaswi kuwa giza totoro. Huko hutumika taa chache zinazobaki zikiwaka na nyingine zinazosubiri mtu.

Watu wa Mbeya na Iringa wana sababu nyingine ya kulitazama suala la umeme kwa makini. Mito inayoshuka kutoka milima ya nyanda hizi na kuingia bonde la Usangu huunda Ruaha Mkuu, ambao hupita katika hifadhi ya taifa, hujaza bwawa la Mtera lenye mitambo ya megawati 80, kisha huzungusha ile ya Kidatu yenye megawati 204. Maji hayo huendelea hadi Rufiji, ambako liko Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Ukame wa 2005 na 2006 uliposhusha Mtera, nchi nzima ilionja mgao. Kutoka Kidatu umeme hurudi juu Mbeya kwa njia ndefu ya kilovolti 220 kupitia Iringa na Mufindi, na sehemu ya umeme hupotea njiani kama joto la waya.

Hata hivyo haifai kusema kwamba sensa za korido zitajaza Mtera. Mahitaji makubwa ya gridi huja jioni, kati ya saa moja na saa nne usiku, watu wanapopika, wanapotazama televisheni na wanapohudumiwa hotelini. Wakati huo korido za gesti zina watu na taa zake zinawaka kwa haki. Kihisi huokoa zaidi kuanzia saa sita usiku, gridi ikiwa na nafasi. Anayenufaika kwanza ni mwenye bili.

Kinachoharibu miradi mingi ni ufungaji. Katika nyumba nyingi za Tanzania waya wa nyutro huenda moja kwa moja kwenye taa, na kwenye boksi la swichi hushuka laivu na waya wa kurudi tu. Vihisi vingi vya ukutani vinahitaji nyutro ili vifanye kazi. Fundi asiyeikuta hununua kihisi cha waya mbili, ambacho hujilisha kwa kupitisha mkondo mdogo ndani ya taa yenyewe. Balbu ya zamani ya waya haikujali mkondo huo. LED huujali: humetameta, au hubaki na mwanga hafifu usiku kucha hata ikiwa imezimwa. Wengine, ili kukwepa tatizo, huchukua nyutro kutoka sakiti nyingine, na huo ni uzembe wa hatari kwa sababu waya hubaki na umeme hata swichi kuu ya sakiti hiyo ikiwa imezimwa.

Jambo lingine ni uwezo wa kihisi. Boksi linaweza kuandikwa wati 1,000, lakini kipimo hicho mara nyingi ni cha balbu za waya. Kwa LED kiwango huwa chini zaidi, kwa kuwa taa nyingi za LED zikiwashwa kwa pamoja huvuta mkondo mkali kwa muda mfupi sana, na mkondo huo unaweza kuunganisha midomo ya rilei, yaani swichi iliyo ndani ya kihisi, isiachane tena. Taa hukataa kuzima, na mwenye jengo hudhani kihisi kimekosea kuona. Panapokuwa na taa nyingi, kihisi huachiwa kuendesha kontakta, yaani swichi kubwa inayoendeshwa kwa umeme, na kontakta ndiyo inayobeba mzigo.

Mahali pa kukifunga pia panataka akili. Kisielekezwe mlango ulio wazi kwa barabara, kisiwe juu ya jiko wala karibu na mashine ya kupoza hewa, na katika korido kiwekwe pale ambapo watu watakatiza mbele yake wanapotoka vyumbani. Kabla ya kufunga plasta au dari, fundi apite mwenyewe, akae, asimame, aingie chooni na kufunga mlango, na kurekebisha hadi kihisi kimwone kila anapopaswa kuonekana. Kazi hiyo ya nusu saa ndiyo inayorukwa mara nyingi.

Anayejenga sasa Mwanjelwa, Uyole, Ipogolo au Mafinga ana nafasi ambayo mwenye jengo la zamani hana. Amwambie fundi avute nyutro hadi kwenye kila boksi la swichi za korido, ngazi, stoo na vyoo, na atenganishe sakiti za sehemu za pamoja na zile za vyumba, hata kama vihisi vyenyewe vitanunuliwa mwaka ujao. Waya wa ziada wakati wa kujenga ni gharama ndogo. Kupasua ukuta uliokwisha kupakwa rangi si gharama ndogo.